Paka wetu aliziba mkojo, sasa nauziwa bima

Somo, salaam aleikum,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Tudor, Mombasa. Mume wangu ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nami asubuhi napika mahamri na mbaazi za kuuza, mchana nashona nguo za watu. Hatulali njaa, alhamdulillahi, lakini pia si watu wa kuchezea pesa.

Tuna paka dume, jina lake Simsim. Binti yangu alimwokota Marikiti akiwa mdogo, macho yamefumbana kwa matongo. Sasa ana miaka sita, mnene, kahasiwa, na hatoki zaidi ya barazani. Ramadhani iliyopita, usiku baada ya tarawehe, nilimwona anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Nikadhani choo kigumu, nikamlambisha mafuta ya nazi. Wakati wa daku nikamgusa tumbo, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa paka. Kulipopambazuka tulikuwa mlangoni kwa daktari wa wanyama. Mkojo ulikuwa umeziba. Akalazwa, akatiwa mpira, dripu na dawa. Bili ikaja Sh18,500.

Nililipa kwa pesa nilizoziweka za sare na vitabu vya binti yangu, na nyingine nikachukua kwenye zamu yangu ya mchezo wetu wanawake wa kuchangiana pesa. Mume wangu hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Na akiziba tena, tutatoa ngapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa binti wa mjomba wangu ni wakala wa bima. Amekuja na bima ya wanyama wa nyumbani: nilipe Sh1,200 kila mwezi, kampuni igharamie matibabu mpaka Sh50,000 kwa mwaka. Kila nikidai, Sh3,000 za mwanzo ni zangu, na kwa kinachobaki wao hulipa asilimia 80. Nilipomwambia Simsim ameshaugua, akajibu, "Hiyo usiiandike, nani atajua?" Anasema bei hii ni ya mpaka mwisho wa mwezi. Nilipositasita akanikumbusha hadithi ya Mtume, ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa. Siku hiyo sikupata usingizi.

Mavyaa, ambaye tunakaa naye, aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi mzee mwenye sukari nalipiwa mia tatu za bima ya afya ya SHA kwa mwezi, paka alipiwe elfu na mia mbili?" Mume wangu naye anasema bima za biashara ni kubahatisha, na kama si takaful, bima ya Kiislamu, haitaki nyumbani kwake. Lakini ni huyo huyo ambaye kila Ijumaa hupitia kwa wauza samaki Mji wa Kale, akarudi na vichwa vya samaki vya Simsim.

Binti yangu kila jioni ananiuliza kama Simsim ataziba tena. Na juzi ameleta paka mwingine, jike, bado mdogo, amempa jina Halua.

Somo, ninunue hiyo bima au nisinunue? Na huyu mume nimwambie nini?

Mama wa Simsim, Tudor

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na Simsim mpe pole zake.

Kabla sijagusa bima, niseme neno kwa wenye madume majumbani. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo usitoke si wa kungojewa hata kupambazuke. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na inazidi kuwa nyembamba kuelekea mwisho. Chembechembe za chumvi na ute vikikusanyika hapo, mkojo unarudi nyuma, figo zinalemewa, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unakosa mpango. Siku moja au mbili zinatosha kumwua. Wengi hudhani ni choo kigumu kama ulivyodhani wewe, kwa sababu namna anavyochuchumaa ni ile ile. Wewe uliwahi, mshukuru Mungu.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma, kisha nikairudia. Unaniuliza kuhusu bima, lakini kila mtu uliyemtaja humo ana swali lake, na hayo maswali yote umeyabeba wewe. Binti anataka kujua paka wake ataishi. Mavyaa anauliza nani anatangulia nyumbani humo. Binti wa mjomba anataka saini kabla ya mwezi kuisha. Mumeo anataka kujua kiasi. Wewe mwenyewe, nadhani, unaogopa kusimama tena mlangoni kwa daktari asubuhi huna pesa, mtoto anakutazama.

Nianze na hadithi, maana ndiyo iliyokunyima usingizi. Yule mwanamke alimfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwachia akajitafutie. Wewe umemlisha wako, na alipougua ulitoa pesa za sare ukamtibu. Sioni unaingiaje kwenye kisa hicho. Anayetaka kukuuzia kitu ana haki ya kukisifu, lakini kukutisha kwa Moto ili ulipe Sh1,200, hapo amevuka mpaka, hata kama ni damu yako.

Tuje kwenye hesabu, na uichukue kalamu tufanye pamoja. Sh1,200 kwa mwezi ni Sh14,400 kwa mwaka. Tuseme Simsim angekuwa na bima hii Ramadhani ile, na bili ni ile ile ya Sh18,500. Toa Sh3,000 zako za mwanzo, zinabaki 15,500. Asilimia 80 ya hizo ni Sh12,400. Yaani mwaka ambao paka ameugua hasa, na kampuni imelipa bila ubishi, bado ungekuwa umewapa wao zaidi ya walichokupa. Usikimbilie kuichana karatasi, lakini. Wako madume wanaoziba mara kwa mara mpaka daktari anashauri upasuaji wa kuipanua njia. Tuseme bili imefika Sh60,000: toa tatu, inabaki 57,000, wao walipe 45,600. Hapo bima ingekuokoa. Bima haikuwekwa kwa ajili ya bili unayoweza kuikwangua kwenye mchezo na akiba ya sare. Imewekwa kwa ile usiyoiweza kabisa. Na si mchezo wa wanawake, ambao ukivumilia zamu yako itafika. Hapa unaweza kulipa miaka kumi zamu isifike, na hiyo ndiyo miaka mizuri.

Lakini hesabu yote hiyo inasimama juu ya jambo moja, kwamba watakubali kulilipia tatizo la mkojo. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Bima za wanyama, kokote zinakouzwa, karibu zote hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Simsim ameshaziba. Iko kwenye daftari la daktari, kwa tarehe. Ukiandika ukweli kwenye fomu, la kutarajia ni waseme: karibu, tutamlipia akianguka ghorofani, akiumwa na mbwa, akipata uvimbe, lakini mkojo hatumo. Yaani utakuwa unalipa kila mwezi kwa kila kitu isipokuwa kile kinachokukosesha usingizi. Na usipoandika, kama ulivyoshauriwa? "Nani atajua?" Atajua mtu wa kwanza atakayelishika dai lako, kwa sababu kabla hawajalipa wataomba historia ya matibabu. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kwamba mteja amesema yote aliyoyajua. Akificha, kampuni ina haki ya kukataa dai, hata kuufuta mkataba mzima. Wakala hapotezi kitu hapo. Kamisheni yake imeshaingia. Fomu ina saini yako wewe, si yake. Sisemi ana nia mbaya. Huenda naye hajausoma ukurasa wa mwisho, maana mawakala wengi husomeshwa kuuza kuliko kusoma. Ila ushauri huo mmoja ungetosha kunifanya niombe kumwona mtu mwingine wa kampuni hiyo. Kila wakala nchini anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na kumwomba aionyeshe si kumvunjia heshima.

Tena muulize swali hili, liandike usilisahau: hii bima inalipia matibabu au inalipia kifo? Bima za wanyama zilizozoeleka kwetu ni za mifugo. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa au ajali, mwenyewe analipwa thamani yake. Kwa ng'ombe ni sawa, ana bei sokoni. Simsim aliokotwa Marikiti bila kulipiwa hata shilingi. Akifa, watamkadiria kiasi gani? Karatasi ya matangazo yenye picha haikuambii hayo. Inakuambia karatasi ya masharti, ile ndefu ya maandishi madogo. Humo utaona pia muda wa kusubiri baada ya kujiunga kabla hujaruhusiwa kudai, umri ambao hawampokei mnyama tena, kama wanataka kadi ya chanjo, na kama wao humlipa daktari moja kwa moja au wewe ulipe kwanza ndipo urudishiwe. Hilo la mwisho ni zito kwa nyumba kama yako. Ikiwa ni kurudishiwa, basi asubuhi ile mlangoni kwa daktari ungetafuta Sh18,500 vile vile.

Kuhusu Halua hali ni tofauti. Ni mdogo, hana historia, na jike si rahisi kuziba namna ile. Kama mnataka bima kwa dhati, yeye ndiye anayeweza kuingia bila doa. Swali ni kama hatari zake zinafikia Sh14,400 kwa mwaka. Chanjo na kumfunga kizazi kwa kawaida bima hizi hazivigusi, na kwa umri wake hizo ndizo gharama zenyewe.

Mavyaa umwache acheke. Mie nimecheka pia, nisikufiche. Lakini mizani yake haiko sawa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mia tatu ndicho kiwango cha chini kwa asiye na mshahara. Mwanawe anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake mzima, na kila Mkenya analazimika kuwemo. Kapu la watu wengi hivyo haliwezi kulingana bei na kapu la wenye paka wachache. Tena mzee mwenye sukari akikuuliza yuko wapi kwenye foleni, huenda hajali shilingi ngapi. Anataka kusikia kwamba dawa zake hazitaguswa. Hilo waweza kumwambia leo.

La takaful, mumeo hajasema la ajabu. Kwenye takaful wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na kampuni huusimamia kwa ujira. Hapa Kenya ipo tangu 2011, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kupitia bima ya mifugo ya mfumo huo baada ya malisho kukauka. Ile ilikuwa ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ukavu ulipimwa kwa setilaiti, si kwa risiti ya daktari. Kwa hiyo sikuahidi kwamba utaipata ya paka. Kuuliza hakugharimu kitu, na mwachie yeye ndiye aulize. Mtu aliyeweka sharti akipewa kazi ya kulifuatilia, huwa mnaanza kuwa upande mmoja.

Kwa sababu, mwanangu, nina mashaka kama mumeo yuko upande mwingine hata kidogo. Umemweka kwenye barua kama mtu wa kushawishiwa. Mimi namwona mtu anayebeba vichwa vya samaki kila Ijumaa, ambaye bili ya elfu kumi na nane ilipofika hakupandisha sauti. Aliuliza kiasi, na wewe ukasikia lawama. Labda ilikuwemo, wewe unamjua sauti yake, mimi simjui. Lakini pia inaweza kuwa mtu mwenye hofu ile ile uliyo nayo wewe, anayeitaja kwa shilingi.

Swali lake ni gumu kuliko lako. Kununua bima ni kutoa pesa kila mwezi ili msilazimike kulijibu. Njia nyingine ni kulijibu. Mkae wawili, watoto wamelala, msemezane ukweli: kwa paka huyu tunaweza kufika wapi bila kugusa karo, dawa za mama, na kodi? Kiwe elfu ishirini, kiwe thelathini, nyinyi ndio mnaojua. Kiasi hicho mkianze kukiweka pembeni, kwa zile zile Sh1,200 kama mnaziweza au nusu yake, mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Zipo akaunti za simu zinazofunga pesa mpaka tarehe uliyoichagua, ila kwa ugonjwa wa ghafla hakikisha unaweza kuifungua kabla ya tarehe. Asipougua, pesa ni zenu.

Nayo ina shimo lake, usije ukasema Somo hakukwambia. Miezi ya mwanzo mfuko haujai. Akiziba mwezi wa tatu mtakuta Sh3,600. Na mfuko wa paka ndio wa kwanza kukopwa Januari shule zikifunguliwa. Sijui nyumba ambayo haujakopwa. Tena mkiweka kiwango, siku yaweza kufika bili ikapita kiwango, na mmoja wenu atalazimika kumweleza binti. Wako watu ambao kwao kulipa bima ni rahisi kuliko mazungumzo hayo, na siwacheki.

Zungumza pia na daktari aliyemtibu. Muulize kama anapokea malipo kwa awamu, na akwambie waziwazi uwezekano wa Simsim kurudia ni upi, maana yeye ndiye aliyeuona mkojo wenyewe. Usimwahidi binti kwamba hatarudia. Paka aliyeziba mara moja yuko kwenye hatari ya kuziba tena. Ila kuna ya kufanya, na mpe yeye awe msimamizi: mabakuli ya maji zaidi ya moja, yabadilishwe asubuhi na jioni kwa joto letu hili, chakula kikavu kipungue, cha majimaji kiongezeke, vile vichwa vya samaki vichemshwe bila chumvi wala kitunguu wala thomu, na apewe na mchuzi wake. Daktari akimwandikia chakula maalumu, hicho kinatangulia mchuzi wangu. Unene nao upungue taratibu. Na jambo ambalo pengine hukulifikiria: ujio wa Halua. Paka aliyezoea kuwa peke yake hupata wasiwasi akiletewa mgeni, na wasiwasi ni miongoni mwa mambo yanayochochea ugonjwa wa mkojo. Wawekee mabeseni ya mchanga matatu, kila paka lake na moja la ziada, yasikae pamoja. Binti ayachungulie kila siku. Akiona Simsim anachuchumaa na mkojo hautoki, au mchanga wake umekauka, akwambie hapo hapo.

Kwa binti wa mjomba, mwambie hivi: "Nimekusikia, niletee karatasi ya masharti yote, na kwenye fomu nitaandika kwamba ameshaugua mkojo. Wakinikubali hivyo wanijibu kwa maandishi." Akikasirika, mpe chai. Bei ikiisha mwisho wa mwezi, iishe. Na karatasi ikifika, nitumie picha ya ule ukurasa wa mambo wasiyoyalipia, tuusome pamoja kabla hujatia saini au kukataa.

Somo